Kijiji cha Msituni na Kazi ya Chuma: Historia ya Wayeyushaji Chuma katika Maeneo ya Biharamulo na Ngara, Mkoani Kagera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya makazi ya wayeyushaji chuma waliofanya kazi zao katika misitu ya miombo iliyo kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, hususan katika nchi za kale za Uzinza na Rusubi, ambazo kwa sehemu ziliingia katika Wilaya ya Biharamulo, pamoja na maeneo jirani ya Ngara. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba kazi hiyo iliuawa na majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya. Makala yanakubali kwamba majembe hayo yaliidhoofisha, lakini yanadai kwamba sababu hiyo peke yake haitoshi. Kilichoukomesha uyeyushaji ni kukatwa kwa uhusiano baina ya fundi na msitu, kupitia kodi, sheria za misitu, na uhamisho wa watu uliofanywa kwa sababu ya malale. Hoja hii inatiliwa nguvu na tofauti iliyopo kati ya hatima ya uyeyushaji, ambao ulitoweka, na hatima ya ufuaji wa chuma, ambao uliendelea.

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi kuhusu Mkoa wa Kagera, historia ya chuma huelezwa kwa kuitazama Buhaya. Jambo hilo lina sababu zake. Tafiti za kiakiolojia zilizofanywa na Peter Schmidt tangu miaka ya 1970 katika maeneo ya Katuruka na Kemondo zilionyesha kwamba watu wa pwani ya magharibi ya Ziwa Viktoria walikuwa wakiyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita. Makala ya Schmidt na Avery ya mwaka 1978, yaliyochapishwa katika jarida la kisayansi la Marekani, yaliufanya ufundi wa Wahaya ujulikane duniani. Sehemu za kusini mwa mkoa, yaani Biharamulo na Ngara, hazikupata umaarufu huo. Mara nyingi hutajwa kama nchi ya pori, mbung'o na wanyama, na katika miongo ya karibuni kama nchi ya wakimbizi.

Picha hiyo ya pori tupu ndiyo tatizo linaloshughulikiwa na makala haya. Misitu ya Biharamulo ilikuwa mahali pa kazi. Ndani yake waliishi, kwa misimu na kwa vizazi, mafundi walioitwa Warongo, ambao walichimba mtapo wa chuma, wakachoma makaa, wakajenga matanuri na kutoa majembe yaliyolimiwa mbali na walipoishi. Maswali yanayoongoza makala ni mawili. Kwanza, kijiji cha wayeyushaji kilikuwa cha namna gani, na kiliutegemea msitu kwa njia zipi? Pili, kwa nini kijiji hicho kilitoweka ilhali mahitaji ya jembe hayakutoweka?

Makala yanatumia maandiko ya kiakiolojia, historia ya mazingira na historia ya utawala wa kikoloni. Aidha, yanalinganisha kisa hiki na vijiji vya misituni vya Ujerumani vilivyoishi kwa makaa na chuma. Ulinganisho huo una msingi wa kihistoria, kwa kuwa sheria za kwanza za misitu zilizoletwa katika eneo hili zilitungwa na watawala waliotoka katika nchi ambayo elimu yake ya misitu ilizaliwa kwenye migodi na matanuri.

2.0 Eneo, Watu na Tawala

Biharamulo na Ngara zinapakana, lakini mandhari yake hayafanani. Sehemu kubwa ya Biharamulo ni uwanda wenye vilima vya mawe na misitu ya miombo, yenye mitundu, mininga na jamii nyingine za miti inayopoteza majani wakati wa kiangazi. Ngara, hasa upande wa Bugufi, ni nchi ya milima mirefu, mvua za kutosha na migomba, yenye wakazi wengi walioishi kwa kilimo cha jembe. Kati ya sehemu hizo mbili kulikuwa na nchi ya Bushubi. Kwa hiyo, katika eneo moja palikuwa na msitu wenye mtapo na kuni, na karibu yake palikuwa na wakulima waliohitaji zana kila msimu.

Kisiasa, nchi hizi zilikuwa chini ya watawala wa nasaba zilizohusiana na zile za Karagwe na Buhaya. Rusubi ilijitenga na ufalme wa Buzinza na kuwa na mtawala wake. Wapelelezi wa Kiingereza John Hanning Speke na James Grant walipopita mwaka 1861 wakielekea Karagwe, waliijua nchi hiyo kwa jina la Usui, na walicheleweshwa kwa madai ya hongo ya mtawala wake, Suwarora. Safari hiyo inaonyesha kwamba katikati ya karne ya 19 Rusubi ilikuwa kwenye njia kuu ya biashara iliyounganisha Unyamwezi na falme za Maziwa Makuu, na kwamba watawala wake walikuwa na uwezo wa kuidhibiti njia hiyo.

Katika falme hizo chuma kilikuwa pia lugha ya mamlaka. Huko Karagwe, katika makao ya kifalme ya Bweranyange, zilihifadhiwa nyundo na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma kama alama za ufalme. Reid na MacLean (1995) wameonyesha jinsi kazi ya chuma na mamlaka ya mtawala zilivyofungamanishwa katika mawazo ya watu wa huko. Nchini Rwanda vilevile nyundo ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Mtawala aliitwa mhunzi kwa maana ya mtu anayegeuza kitu kibichi kuwa chenye manufaa, kama anavyopaswa kuwageuza watu wa koo mbalimbali kuwa taifa moja. Hata hivyo, mtawala hakuwa ndiye aliyekesha kando ya tanuri. Kazi hiyo ilikuwa ya watu wengine, na hao ndio wanaozungumziwa hapa.

3.0 Kambi ya Msituni kama Kijiji cha Kazi

3.1 Warongo

Jina Warongo, ambalo kwa lugha za wenyeji hutamkwa Barongo na kwa Kisukuma Balongo, lilikuwa jina la kazi kabla ya kuchukuliwa kuwa jina la kabila. Schmidt (1996) anawaeleza kama chama cha kazi kilichounganisha watu wenye asili tofauti. Mtu hakuwa Mrongo kwa kuzaliwa tu, bali kwa kupokewa, kufundishwa na kuapishwa kutunza siri za tanuri. Jambo hili lina uzito mkubwa katika historia ya eneo, kwa sababu karne ya 19 ilikuwa ya misukosuko: vita vya urithi, njaa, na baadaye sotoka iliyoangamiza ng'ombe mwaka 1890 na 1891. Kwa watu waliopoteza ardhi au mifugo, chama cha wayeyushaji kiliwapa ndugu wapya na njia ya kuishi.

Makazi yao yalikuwa ya namna mbili. Walikuwa na nyumba na mashamba kama wakulima wengine, lakini wakati wa kiangazi, mvua zilipokoma na kazi za shamba kupungua, wanaume walihamia kwenye kambi za msituni. Huko walijenga vibanda, wakagawana kazi, na kukaa hadi msimu ulipokwisha. Kambi hiyo ilikuwa kijiji kwa kila hali isipokuwa moja: haikukusudiwa kudumu mahali pamoja. Miti iliyofaa kwa makaa ilipopungua, au mtapo ulipokuwa mbali mno kuubeba, kambi ilihamishwa.

3.2 Makaa na tanuri

Uyeyushaji wa kale ulihitaji vitu vinne: mtapo, makaa, udongo na pumzi. Mtapo, yaani mawe au udongo wenye madini ya chuma, ulichimbwa kwenye vilima, ukapondwa na mara nyingi ukachomwa kwanza ili kuondoa unyevu na kuulegeza. Udongo ulitumika kutengeneza mirija iliyopitisha hewa hadi ndani ya tanuri, na katika ukanda huu udongo wa kichuguu ulipendwa kwa kuwa huvumilia joto kali. Pumzi ilitoka kwenye mivukuto iliyofunikwa kwa ngozi, iliyopigwa kwa mikono kwa zamu bila kukoma.

Kwa upande wa joto, ni muhimu kueleza jambo ambalo hueleweka vibaya. Katika tanuri la aina hii chuma hakikuwa maji. Chuma safi huyeyuka kwa nyuzi joto 1,538 za Selsiasi, na lengo la fundi halikuwa kufika huko. Makaa yalipoungua kwa hewa isiyotosha yalitoa gesi ya monoksidi ya kaboni, na gesi hiyo ndiyo iliyoondoa oksijeni kwenye mtapo. Takataka za mtapo ziliyeyuka na kutiririka, nazo ndizo zinazoitwa mavi ya chuma. Kilichobaki ni bonge lenye matundu, ambalo lilipashwa moto tena na kupigwa nyundo mpaka likashikamana. Schmidt na Avery (1978) walidai kwamba Wahaya waliingiza mirija ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Dai hilo lilipingwa na wataalamu wengine katika miaka iliyofuata, na mjadala kuhusu kiasi cha joto lililoongezeka haujafungwa. Lisilo na ubishi ni kwamba fundi alihitaji kuthibiti hewa, mtapo na makaa kwa wakati mmoja, bila kipimo chochote isipokuwa rangi ya moto, sauti ya mivukuto na uzoefu.

Kati ya mahitaji hayo manne, makaa ndiyo yaliyoamua mahali pa kijiji. Mtapo ulipatikana sehemu nyingi, na udongo pia. Lakini makaa ni mepesi, hupondeka yakibebwa mbali, na huhitajika kwa wingi unaozidi sana uzito wa chuma kinachopatikana. Ilikuwa rahisi kupeleka mtapo kwenye msitu kuliko kupeleka msitu kwenye mtapo. Fundi pia hakukata mti wowote. Huko Buhaya baadhi ya miti, kama mzambarau mwitu, ilichaguliwa kwa ubora wa makaa yake, na wayeyushaji wa miombo nao walijua miti inayowaka kwa muda mrefu bila kuwa jivu upesi.

Je, kazi hiyo iliangamiza misitu? Jibu halipaswi kuwa la mkato. Schmidt (1997) anaeleza kwamba katika pwani ya Buhaya uyeyushaji wa kale, pamoja na kilimo, ulichangia kupungua kwa misitu, na kwamba mafundi walilazimika kubadili aina za miti waliyotumia. Kwa upande mwingine, miti mingi ya miombo huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi. Kambi iliyohama kila baada ya misimu kadhaa iliacha nyuma yake visiki hai. Palipokuwa na watu wachache na msitu mpana, kuhama kwa kambi kulikuwa ndiyo njia ya kuupumzisha msitu.

3.3 Miiko ya tanuri

Kijiji cha wayeyushaji kilikuwa cha wanaume wakati wa kazi. Miongoni mwa Warongo, kama ilivyokuwa katika jamii nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki, tanuri lilichukuliwa kuwa mwanamke, na bonge la chuma kuwa mtoto. Dawa za miti na vitu vyenye maana ya uzazi ziliwekwa katika kishimo kilichochimbwa kwenye sakafu ya tanuri kabla ya moto kuwashwa. Mafundi walijizuia kukutana na wake zao kwa muda wote wa kazi, kwa kuwa aliyefanya hivyo alihesabiwa kuwa amezini dhidi ya tanuri na kuliharibia mimba.

Wasimulizi wa awali wa Kizungu waliziita desturi hizi ushirikina. Schmidt (1996) anazitafsiri kwa namna tofauti: miiko ililinda siri, iliwaunganisha watu wa koo mbalimbali, na ilieleza kushindwa bila kuuvunja umoja wa kikundi. Uyeyushaji ulikuwa kazi yenye hatari ya hasara. Mtapo mbaya, makaa mabichi au mvukuto uliopasuka ungeweza kuharibu kazi ya majuma kadhaa. Kikundi kilichohitaji kuanza upya kesho yake kilihitaji pia maelezo ambayo hayangemwangamiza mmoja wao. Hata hivyo, miiko hiyo hiyo iliwaweka wanawake nje ya sehemu yenye faida kubwa zaidi ya kazi, ingawa wao ndio waliokuwa watumiaji wakuu wa jembe lililotoka humo.

4.0 Jembe Nje ya Msitu

Zao kuu la kambi lilikuwa jembe. Mikuki, visu, mashoka na nyembe vilifuliwa pia, lakini jembe ndilo lililobeba biashara. Wasukuma walipata majembe kutoka kwa mafundi wa Uzinza, na majembe hayo yalijulikana hadi Unyamwezi. Upande wa magharibi, wakulima wa milima ya Ngara walikuwa katikati ya vituo kadhaa vya ufundi, kwa kuwa Burundi na Rwanda nazo zilikuwa na wahunzi wao.

Jembe lilikuwa na thamani ya zana na thamani ya fedha kwa pamoja. Katika jamii kadhaa za ukanda huu liliingia kwenye mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi, nafaka na chumvi, na lilihifadhiwa kama akiba. Jembe lililochakaa halikutupwa. Lilirudi kwa mhunzi likafuliwa kuwa kisu au jembe dogo. Kjekshus (1977) aliitumia biashara ya namna hii kama ushahidi dhidi ya fikra kwamba Afrika Mashariki kabla ya ukoloni ilikuwa na uchumi wa kujikimu tu. Kwa Biharamulo, maana yake ni wazi zaidi: kijiji cha msituni, kilichoonekana kuwa cha pembeni, kilikuwa ndicho kilichowezesha mashamba ya mbali kulimwa.

5.0 Elimu ya Misitu kutoka Ujerumani

Utawala wa Kijerumani uliingia eneo hili kupitia Bukoba, ambako Emin Pasha alianzisha kituo mwaka 1890. Boma la Biharamulo, ambalo bado limesimama mjini humo, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Pamoja na boma zilikuja amri mbili zilizogusa maisha ya wayeyushaji. Ya kwanza ni amri ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897, ambayo kadiri ilivyosambaa na kudaiwa kwa fedha taslimu, iliwalazimu wanaume kutafuta rupia wakati uleule wa kiangazi ambao zamani ulikuwa wa tanuri. Ya pili ni amri ya kulinda misitu ya mwaka 1904, iliyoipa serikali uwezo wa kutenga misitu ya hifadhi na kuzuia ukataji na uchomaji ndani yake. Amri hiyo ilitekelezwa kwa nguvu zaidi Usambara na pwani kuliko magharibi, lakini ndiyo iliyoweka kanuni kwamba msitu usiolimwa ni mali ya serikali.

Hapa ulinganisho na Ujerumani unasaidia. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Freiberg katika Saxony, alichapisha kitabu ambacho huhesabiwa kuwa mwanzo wa wazo la kuvuna msitu bila kuumaliza. Hofu yake ilikuwa ya fundi: migodi na matanuri ya Saxony yangekosa kuni. Katika nchi ya Siegerland, wanavijiji waliishi kwa karne nyingi kwa kukata miti michanga kwa zamu ya takriban miaka 16 hadi 20, wakichoma makaa ya matanuri ya chuma, wakitumia maganda kutengenezea ngozi, na kupanda nafaka kwenye eneo lililokatwa kabla miti haijachipua tena. Kijiji kilimiliki msitu kwa pamoja na kilikuwa na kanuni zake.

Kwa hiyo, Wajerumani walikuwa na mfano nyumbani kwao wa msitu uliotunzwa na wale wale waliouchoma kuwa makaa. Walipofika Afrika Mashariki hawakuuona mfano huo. Kambi iliyohama ilionekana kuwa uharibifu, na visiki vilivyochipua vilionekana kuwa pori. Tofauti haikuwa katika mbinu, kwa kuwa zamu ya ukataji na kuhama kwa kambi zinatokana na hitaji moja la kuupa mti muda. Tofauti ilikuwa katika haki. Mwanakijiji wa Siegerland alikuwa na haki iliyotambuliwa juu ya msitu wake. Mrongo hakutambuliwa kuwa na haki yoyote. Inafaa kukumbuka kwamba Siegerland nayo ilipoteza matanuri yake ya makaa katika karne ya 19, makaa ya mawe na reli vilipoenea. Lakini huko msitu ulibaki mikononi mwa vijiji.

6.0 Reli, Vita na Malale

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikapeleka bidhaa Bukoba na Mwanza kwa gharama ndogo kuliko za wapagazi. Majembe na vyuma chakavu kutoka Ulaya vikaanza kufika sokoni kwa wingi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Bei ya jembe la Warongo haikuweza tena kupangwa na Warongo wenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza iliifikia Biharamulo mwezi Juni 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoiteka yakitokea Rwanda. Kwa miaka michache mpaka wa magharibi haukuwa na uhakika, hadi Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika. Serikali mpya ilitunga sheria yake ya misitu mwaka 1921, ikiendeleza kanuni ya umiliki wa serikali.

Pigo kubwa zaidi lilitokana na malale. Baada ya sotoka ya miaka ya 1890 kuua ng'ombe waliokuwa wakizuia vichaka kuota, mbung'o walienea katika nchi zilizokuwa malisho. John Ford (1971), aliyefanya kazi Tanganyika kama mtaalamu wa mbung'o, alieleza jinsi kuporomoka kwa mifugo na watu kulivyompa mdudu huyo nchi mpya. Kuanzia miaka ya 1920 ugonjwa uligunduliwa katika sehemu mbalimbali za kusini na magharibi mwa ziwa, na serikali ikachukua hatua ya kuwahamisha watu kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya mkusanyiko vilivyofyekwa vichaka. Hoppe (2003) anaonyesha kwamba hatua hiyo ilikuwa ya kiafya na ya kiutawala kwa pamoja: iliokoa maisha, na papo hapo ilirahisisha kuhesabu watu, kutoza kodi na kudhibiti nyendo zao.

Kwa mkulima, uhamisho ulikuwa hasara ya shamba, lakini shamba jipya lingeweza kufunguliwa. Kwa myeyushaji, ulikuwa mwisho wa kazi. Kambi ya msituni ndiyo hasa aina ya makazi ambayo sera hiyo ilikusudia kuikomesha: watu wachache, mbali na barabara, ndani ya miombo yenye mbung'o, wakihama bila ruhusa. Msitu uliobaki bila watu ukawa tayari kutengwa kuwa hifadhi. Pori la Akiba la Biharamulo lilitangazwa mwaka 1959, na mwaka 2019 liliunganishwa na mapori ya Burigi na Kimisi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707.

7.0 Majadiliano: Nini Kilikufa, Nini Kilibaki

Ikiwa majembe ya Ulaya ndiyo yaliyoua kazi ya chuma, ingetarajiwa kwamba wahunzi wangekuwa wa kwanza kutoweka, kwa kuwa wao ndio waliotengeneza bidhaa ileile. Haikuwa hivyo. Mhunzi aliendelea kufua visu, mundu na majembe kwa kutumia vyuma chakavu, na baadaye springi za magari. Aliyetoweka ni myeyushaji. Tena, Warongo waliendelea kuyeyusha hadi ndani ya kipindi cha utawala wa Kiingereza, miaka mingi baada ya majembe ya kigeni kufika katika bandari za ziwa, na ndiyo maana wasomi wa miaka ya 1970 na 1980 waliweza kuwapata wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yao.

Inaweza kujibiwa kwamba chuma chakavu ndicho kilichochukua nafasi ya bonge la tanuri, na hivyo biashara ya nje bado ndiyo sababu. Jibu hilo lina ukweli. Chuma chakavu kilimwondolea mhunzi haja ya kumtegemea myeyushaji. Lakini halielezi kwa nini kazi hiyo ilidumu kwa muda mrefu katika misitu, wala kwa nini haikurudi. Tofauti kati ya kazi hizo mbili inaeleza zaidi. Mhunzi alihitaji makaa kidogo, fuawe, koleo na kivuli cha mti, na angeweza kufanya kazi katika kijiji chochote alichopelekwa. Myeyushaji alihitaji msitu mpana, uhuru wa kuhama, miezi ya kiangazi isiyodaiwa na kodi, na kikundi cha watu waliofungwa kwa kiapo. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kiliguswa na amri ya serikali. Soko lilipunguza faida ya tanuri. Utawala uliliondolea mahali pa kusimama.

Mlolongo huo ulikuwa na athari ya tatu, ambayo ni ya kumbukumbu. Watu walipoondolewa, msitu ulianza kuelezwa kana kwamba haukuwahi kuwa na watu. Katika miaka ya baadaye, yakiwemo makundi makubwa ya wakimbizi walioingia Ngara kuanzia Aprili 1994 na mahitaji yao ya kuni, mjadala kuhusu misitu ya eneo hili uliendeshwa kama mgogoro kati ya asili na binadamu mgeni. Mafundi waliouishi msitu huo kwa vizazi hawakuwa na nafasi katika mjadala huo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kijiji cha wayeyushaji chuma wa Biharamulo na maeneo jirani ya Ngara kama makazi ya kazi yaliyofungamana na msitu. Yameonyesha kwamba makaa ndiyo yaliyoamua mahali na muda wa kijiji hicho; kwamba jembe lake lilihudumia nchi pana; na kwamba kutoweka kwake kulitokana na nguvu za soko zilizokutana na sera za kodi, misitu na malale. Ulinganisho na Ujerumani umeonyesha kwamba kuchoma makaa hakukinzani na kutunza msitu, mradi wanaouchoma wana haki ya kuutunza.

Matokeo haya yana umuhimu kwa wakati huu. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulifanya kazi Biharamulo kuanzia mwaka 2005, na mwaka 2021 serikali iliingia mkataba wa kuendeleza nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Miradi hiyo huelezwa kuwa mwanzo wa historia ya madini katika wilaya hizi. Kihistoria, ni sura mpya ya habari ya zamani. Makala yanapendekeza kwamba maeneo yenye mavi ya chuma, mabaki ya mirija na sakafu za matanuri yaorodheshwe na kupimwa kabla ya kazi za migodi na barabara kuyafuta, na kwamba uorodheshaji huo ufanyike pia ndani ya hifadhi, ambako ulinzi wa wanyama umeyahifadhi mabaki hayo bila kukusudia. Mavi ya chuma hayaozi wala hayana thamani sokoni, na kwa sababu hiyo yamebaki pale pale yalipomwagwa. Ndiyo hati pekee ambayo wayeyushaji wenyewe waliiacha.